Aliyepunguza Hewa ya Kipanga

Barua ya kliniki ilikuwa na mistari sita tu, na mstari wa nne ulitosha kumfunga Kipanga, dereva wa kreni. Inspekta aliisoma kwa mara ya tatu akiwa amesimama, mgongo kwenye mlango wa chumba cha mahojiano, maana tangu asubuhi kiti kilikuwa hakikaliki. Barua ilisema kwamba tarehe ishirini ya mwezi uliopita, saa kumi na dakika mbili, mgonjwa alipiga simu mwenyewe akalalamika kuwa hewa ya mashine yake ya kulalia ni kali mno. Kwamba alishauriwa asiiguse, akang'ang'ania. Na kwamba kwa kuheshimu matakwa yake msukumo wa hewa ulipunguzwa kutoka kumi na tatu hadi nane. Chini palikuwa na muhuri na sahihi ya daktari.

Wiki tatu kamili baada ya simu hiyo, Jumatatu asubuhi, Kipanga alisinzia ndani ya kibanda cha kreni, mita arobaini juu ya ardhi, mkono ukiwa kwenye mpini wa kushushia mzigo. Furushi la nondo likashuka bila kusimama. Chini yake alikuwapo mfunga mizigo, mwanamume wa miaka hamsini ambaye wenzake walimwita Kamba. Hakuwahi hata kugeuka.

Leo ilikuwa Alhamisi. Wakili wa serikali alitaka jalada liwe mezani kwake kesho kabla ya saa sita. Kama barua ile ilikuwa ya kweli, basi Kipanga alijipunguzia tiba kwa mdomo wake, akijua atasinzia, kisha akapanda kreni. Kesi ya namna hiyo haina mlango wa kutokea.

"Mwamshe," Inspekta alisema.

Koplo akamgusa bega mtu aliyekuwa upande wa pili wa meza. Ilikuwa mara ya pili Kipanga kupitiwa na usingizi katikati ya jibu. Alikuwa na miaka arobaini na sita, shingo nene, macho mekundu, na jina lile alipewa kazini kwa sababu miaka kumi na tisa alikuwa amekaa juu akiwatazama wengine utosini. Usiku tatu alikuwa amelala mahabusu bila mashine yake. Mashine yenyewe, na mpira wake, na barakoa yake, vilikuwa ndani ya mfuko wa vielelezo kabatini, vimefungwa kibandiko chenye namba.

Ugonjwa wake Inspekta alikuwa ameelezwa na daktari wa polisi. Akilala, koo linajifunga, pumzi inakatika, ubongo unamshtua avute hewa, kisha koo linajifunga tena. Mara thelathini, arobaini kwa saa moja, wala mwenyewe hajui. Anachojua ni kwamba asubuhi anaamka amechoka kuliko alivyolala. Mashine inasukuma hewa puani usiku kucha ili koo libaki wazi. Ndani yake kuna kidude kama cha simu kinachopeleka taarifa kliniki kila asubuhi, na kliniki nao wanaweza kuongeza au kupunguza hewa wakiwa wamekaa ofisini kwao, bila kukanyaga chumbani kwa mgonjwa.

"Tarehe ishirini ulipiga simu kliniki," Inspekta alisema.

"Sikupiga."

"Namba ni yako. Imo kwenye daftari lao."

"Sikupiga, afande. Na hata ningepiga, ningeomba nini? Mtu anaombaje apunguziwe kitu ambacho hajui kiko ngapi?"

Inspekta akavuta kiti, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akakaa. Akamtaka aeleze polepole.

Kipanga akaeleza. Kioo cha mashine kilimwonyesha vitu viwili tu: saa alizoivaa, na uso mdogo. Akiivaa zaidi ya saa nne uso unakuwa wa kijani na unacheka. Asipofikisha unakuwa mwekundu na unanuna. Sehemu ya msukumo wa hewa ilikuwa imefungwa kwa namba ya siri, na namba hiyo walikuwa nayo wao. Wiki zile tatu uso ulikuwa unamchekea kila asubuhi, ilhali kichwa chake kilikuwa kizito kama kimejazwa mchanga. Mara mbili alikwenda kliniki, tarehe ishirini na nane na tarehe nne, kuomba aonyeshwe namba zake. Fundi wa mashine alimwambia namba ni za daktari, kazi ya mgonjwa ni kuvaa.

"Nikamwambia, lakini pua ni yangu," Kipanga alisema. "Akacheka. Nikarudi nyumbani."

Nje kwenye ujia Koplo, ambaye alikuwa mwepesi wa kufunga kesi kuliko kufunga kamba za viatu, alisema mtu anaweza kupunguza hewa mwenyewe kisha akaenda kulalamika ili afute nyayo zake. Inspekta alijibu kuwa inawezekana. Kisha akasema kwamba mtu anayefuta nyayo hulalamika mbele ya mashahidi wengi, haendi kuchekwa na fundi mmoja na kunyamaza. Alikuwa ameshafika kwenye gari wakati anamaliza sentensi.

*

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Viti kumi na viwili vya plastiki, vyote vina watu, na nusu yao wamesinzia. Daktari, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi shingoni, aliwapokea akiwa ameshikilia kitasa cha mlango, na kila alipojibu swali aliwatazama wagonjwa wake nyuma ya mabega yao. Alikiri sahihi ni yake. Barua hakuiandika, aliandikiwa na fundi, akaisoma harakaharaka, akatia sahihi.

"Na tarehe ishirini ulikuwa wapi?" Inspekta aliuliza.

Alikuwa semina, mji mwingine, siku tatu. Alitoa cheti cha kuhudhuria kwenye droo bila kuombwa.

"Basi tuonyeshe aliyegusa mashine."

Wakaingia chumba cha fundi. Kilikuwa chembamba, barakoa zimening'inizwa ukutani kwa ukubwa wake, na juu ya kompyuta kulikuwa na saa ya mviringo ya ukutani. Fundi alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, shati limenyooshwa mpaka mikono ina kona. Alisimama walipoingia, akakaa, akasimama tena. Inspekta akamwomba afungue kumbukumbu za mashine ya Kipanga, na asiguse kitu kingine.

Ukurasa ukafunguka. Mstari ulikuwepo: tarehe ishirini, msukumo kutoka 13 hadi 8, saa 10:09. Jina la aliyebadilisha lilikuwa la daktari.

"Nilikuwa semina," daktari alisema tena, safari hii kwa sauti ndogo. Kisha akaeleza bila kuulizwa kwamba fundi alikuwa na neno lake la siri. Wagonjwa walikuwa mia tatu na ushee, naye ana mikono miwili.

Koplo aliandika. Inspekta hakuandika. Alikuwa anatazama kona ya kioo cha kompyuta, mahali panapoonyesha saa. Ilisoma 10:41. Akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne na dakika arobaini na moja, asubuhi.

"Barua hii uliiandika wewe?" alimuuliza fundi.

"Ndiyo, mama."

"Saa uliitoa wapi?"

"Hapo hapo kwenye daftari la simu. Na kwenye daftari naandika kama kompyuta inavyoonyesha."

"Kompyuta sasa hivi inasema kumi. Saa yako ya ukutani inasema nne. Kwenye barua ulifuata ipi?"

Fundi akatazama kompyuta, akatazama ukuta. Alisema alinakili tu kama ilivyo. Kumi, sifuri, mbili, yaani kumi na dakika mbili.

Koplo ndiye aliyeachama. Kwa siku mbili walikuwa wamesoma barua ile kama watu wote wanavyosoma: saa kumi, yaani jioni. Saa kumi jioni Kipanga anakuwa ametoka kazini, ana simu mfukoni, na nafasi tele ya kulalamikia hewa. Lakini kumi ya kompyuta ilikuwa ya Kizungu: simu haikupigwa saa kumi jioni. Ilipigwa saa nne asubuhi, na saa nne asubuhi Kipanga anakuwa juu ya kreni.

Kampuni ya simu walikuwa wameombwa orodha ya simu zake tangu Jumanne, na kila siku jibu lilikuwa kesho. Simu yake yenyewe, ile ya kubonyeza, ilihifadhi simu ishirini tu za mwisho. Wangelazimika kwenda kuuliza kwa miguu.

Kabla ya kutoka, Inspekta aliuliza ile safu nyingine ya namba ni ya nini. Daktari akainama akasoma. Ilikuwa idadi ya mara pumzi inapokatika kwa saa. Kabla ya tarehe ishirini zilikuwa tatu, nne. Kuanzia tarehe ishirini na moja zilikuwa thelathini na saba, thelathini na tisa, arobaini na moja. Pembeni ya kila siku kulikuwa na alama nyekundu.

"Na hiyo alama?"

"Onyo," daktari alisema. "Linatujia sisi."

"Lilisomwa?"

Pembeni ya kila alama paliandikwa kwamba haijafunguliwa. Daktari akavuta kile kiti cha fundi, akakaa, na safari hii hakuwatazama wagonjwa wake.

Inspekta aliuliza swali moja la mwisho: aliyepiga simu alikuwa na sauti ya nani. Fundi akasema ya mgonjwa. Ya kiume? Akasema nadhani. Inspekta akalirudia lile neno, nadhani, na fundi akasema simu ni nyingi, mama, siku nyingine arobaini. Inspekta akamwambia kesho saa mbili asubuhi afike kituoni, na asisahau daftari.

*

Eneo la ujenzi lilikuwa kimya. Kreni ilisimama imefungwa utepe wa polisi miguuni, na ndoano yake ikiyumba kidogo kwa upepo. Msimamizi aliwapokea nje ya kontena lililofanywa ofisi. Alikuwa mtu wa maneno machache na jasho jingi, na alianza kwa kusema kampuni ilimnunulia Kipanga mashine ile, hivyo hakuna anayeweza kusema kampuni haimjali.

Koplo akamuuliza kama kampuni inapata taarifa za mashine. Msimamizi akasema ndiyo, karatasi moja kila mwezi, kuonyesha kama mtu anavaa. Inspekta akageuka pale.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unaona usingizi wake, mwenyewe haoni?"

"Nilikuwa naona saa tu, afande. Sina pa kubonyeza."

Lakini alikuwa na kitu kingine. Simu haziruhusiwi kibandani. Chini ya ngazi ya kreni kulikuwa na sanduku la chuma lenye vyumba kumi na viwili vyenye namba, na kila anayepanda huacha simu yake humo na kusaini. Ufunguo mmoja. Ulikuwa kiunoni mwa msimamizi. Na wafanyakazi wawili, walipoulizwa kila mmoja peke yake, walisema msimamizi na Kipanga walikuwa hawapikiki chungu kimoja, kwa sababu Kipanga alikuwa akiteremka upepo ukizidi na msimamizi alikuwa anataka kazi iende.

Koplo alimvuta Inspekta pembeni, macho yanamwaka. Mwenye ufunguo ana simu. Mwenye simu ana namba. Mwenye namba anapiga kliniki anajifanya mgonjwa. Mtu anapunguziwa hewa, anasinzia, anafukuzwa kazi. Kifo cha Kamba hakikupangwa, lakini njama ilikuwepo. Inspekta alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema waangalie daftari la sanduku kabla ya kumvisha mtu pingu.

Daftari la kreni lilisema tarehe ishirini Kipanga alipanda saa moja na dakika tano, akashuka saa saba, akapanda saa nane, akamaliza saa tisa. Hapo hapakuwa na shaka. Daftari la sanduku lilikuwa jingine. Chumba cha Kipanga kilikuwa namba tisa. Tarehe kumi na nane, sahihi. Tarehe ishirini na moja, sahihi. Tarehe ishirini, mstari mtupu.

Msimamizi alifikiri kidogo, akasema hakumbuki. Mlinzi wa getini alikumbuka. Alikuwa mzee mwenye kofia ya sufu, na alikumbuka kwa sababu siku ile alikuwa na salio la mwisho la wiki. Kipanga alishuka mchana, akamwomba simu, akampigia mkewe kumwambia kuwa simu amesahau kitandani.

"Alizungumza kwa muda gani?" Koplo aliuliza.

"Mpaka salio likaisha," mlinzi alisema. "Ndiyo maana nakumbuka."

Koplo akafunga daftari lake taratibu, na hakumtazama tena msimamizi.

Walipokuwa wanatoka, mtu mmoja alikuwa amesimama karibu na gari lao ameshika kofia ngumu ya njano na jozi ya buti. Alijitambulisha kuwa mdogo wake marehemu. Alikuja kuchukua vitu vya kaka. Alisema amesikia kwamba kuna mashine, kuna kliniki, kuna barua, na yeye haelewi yote hayo.

"Nikuulize, afande. Mnatafuta kilichomuua kaka yangu, au mnamtafutia dereva pa kupenya?"

Inspekta alimwambia hajui bado. Alimwambia akijua atamwita yeye kwanza. Mtu yule akaitikia kwa kichwa, akaondoka na buti mkononi, akitembea katikati ya barabara mpaka pikipiki ikampigia honi.

*

Nyumba ya Kipanga ilikuwa vyumba viwili mwisho wa ujia wa nyumba zinazofanana. Mkewe alikuwa dobi wa hospitali. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka zamu, sare bado mwilini, na harufu ya sabuni ilimtangulia mlangoni. Aliwakaribisha, akauliza kama mume wake amekula, kama amelala, kama wanaweza kumpelekea mashine. Hakungoja majibu. Aliokota mto kwenye kochi akauweka chini, akauokota tena.

Inspekta aliomba kuona chumba cha kulala. Kitanda kilikuwa cha futi tano, kimesukumwa ukutani. Upande wa ukutani palikuwa na meza ndogo yenye alama ya mraba kwenye vumbi, mahali mashine ilipokuwa. Upande wa pili, chini ya mto, palikuwa na pamba iliyosokotwa vipande viwili. Sebuleni, nyuma ya kochi, palikuwa na godoro jembamba limekunjwa, na shuka ndani yake.

"Nani analala sebuleni?"

"Mimi. Siku nyingine."

Mwanamke alipoinua mkono kufungua pazia, kipande cha mkono wa sare kikapanda. Kutoka kifundo kuelekea kiwiko palikuwa na kovu jipya la waridi, limenyooka, na pembe yake imechongoka. Inspekta alikuwa amekua nyumba ya fundi cherehani. Alijua alama ya pasi.

"Uliungua lini, dada?"

"Jumapili moja. Kazini."

"Jumapili ya tarehe kumi na tisa?"

Mkono ukashuka. Mwanamke akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Na Jumatatu ulipewa ruhusa ukabaki nyumbani," Inspekta alisema. "Na simu ya mumeo ilikuwa hapo ulipokaa."

Koplo akamsomea haki zake, naye akasikiliza hadi mwisho kama mtu anayesikiliza maelekezo ya njia. Kisha akazungumza, na hakulia.

Kabla ya mashine, mume wake alikuwa anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta. Huko kukoroma alikuzoea, miaka kumi na nane, kulikuwa kama mvua juu ya bati. Mashine ilipokuja akanyamaza, na yeye akafurahi. Lakini mwaka huu kliniki walikuwa wameipandisha hewa, na tangu hapo barakoa ikawa inavuja pembeni. Ilipiga mluzi. Hewa ya baridi ilimpuliza usoni usiku kucha. Alijaribu pamba, alijaribu kulala miguuni, alijaribu godoro la sebuleni, na ukuta ulikuwa mwembamba. Zamu yake huanza saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili ile alisinzia amesimama, pasi ikiwa mkononi, akaamshwa na harufu ya nyama yake.

"Sikumwambia usingizi," alisema. "Nilimwambia mvuke. Alikuwa na furaha na ile mashine. Alikuwa amerudi kuwa mtu. Ningemwambiaje kwamba kinachomponya yeye kinaniua mimi?"

Asubuhi iliyofuata aliiona simu kitandani, na jina la kliniki lilikuwamo. Alipiga. Alisema yeye ni mke wa mgonjwa, kwamba hewa ni kali mno, wapunguze kidogo. Fundi akamuuliza mwenyewe anasemaje, akajibu amekubali. Huo ndio uongo wake. Mwingine hakuwa nao. Fundi akasema sawa, imeshapungua, na simu ikakatwa. Hakuambiwa kumi na tatu wala nane. Usiku ule mume wake alianza kukoroma tena kidogo, na yeye akalala mpaka asubuhi.

Inspekta alimuuliza kama alimwona mume wake akichoka wiki zile. Alisema alimwona. Alikuwa akimuuliza, naye anasema lakini uso unacheka, na wote wawili wanautazama ule uso wa kijani kwenye mashine na kuuamini.

Aliomba kitu kimoja: kama lazima Kipanga ajue, asiambiwe na askari. Atamwambia mwenyewe.

*

Ijumaa saa mbili fundi alifika na daftari chini ya kwapa. Inspekta hakumzungusha. Alimweleza kwamba mke amesema, kwamba mlinzi amesema, kwamba chumba namba tisa cha sanduku kilikuwa kitupu. Fundi alijikanyaga mara mbili kisha akaachia yote. Kwa utaratibu wao, kubadilisha hewa kunahitaji daktari aseme na mgonjwa mwenyewe aambiwe. Daktari alikuwa semina. Mwanamke alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka, na fundi alikuwa na simu nyingine inalia. Kwenye fomu hakuna kisanduku cha mke. Kuna cha mgonjwa tu. Akaweka alama hapo.

"Na Kipanga alipokuja mara mbili kuuliza?"

Fundi alisema kama angemfungulia ukurasa, Kipanga angeona nane. Kwa hiyo hakumfungulia.

"Na hili la kwamba alishauriwa akang'ang'ania?"

Fundi alitazama mikono yake. Hilo aliliandika baada ya kusikia kwamba mtu amekufa.

Koplo akamtoa kwenda kuandikisha maelezo. Saa ilikuwa tatu na nusu. Inspekta akapiga simu mbili: moja kwa daktari, kumtaka aje na kumbukumbu zote zilizochapishwa, na moja kwa mdogo wake Kamba, ambaye alisikiliza bila kukatiza, akasema amesikia, akakata.

Kisha akamwingiza mke chumba alimokuwa Kipanga.

Inspekta alisimama pembeni, karibu na dirisha, kwa kuwa kanuni haikuruhusu awaache peke yao. Mwanamke alizungumza akiwa ameinamia meza. Aliyasema kwa mpangilio uleule wa jana, mluzi, pamba, pasi, simu, na hakuruka neno lile alilodanganya. Kipanga alikuwa macho kabisa. Mke alipomaliza, mume aliunyoosha mkono wa mkewe juu ya meza, akapandisha sare, akalitazama kovu.

"Ulikuwa hulali tangu lini?"

"Tangu walipoipandisha."

"Na mimi nakwambia kila asubuhi nimelala vizuri." Akaishusha sare. "Ungenipiga teke, mama."

Inspekta alimweleza hali ilivyo. Mashtaka ya kujipunguzia tiba yangeondoka pamoja na barua. Fundi angeshtakiwa kwa barua ya uongo na kwa kugusa mashine bila idhini. Daktari angeulizwa kuhusu neno lake la siri na maonyo yasiyofunguliwa. Kuhusu mke, wakili angeamua. Kwa Kipanga mwenyewe, kwa ushahidi uliopo, kulikuwa na uwezekano mkubwa wa kutoka leo hii. Palibaki maelezo yake tu, ayasome, atie sahihi.

Kipanga alizisoma karatasi mbili. Akazirudisha bila sahihi.

"Kuna kitu hakimo."

"Kitu gani?"

"Ijumaa ile, kabla ya Jumatatu ya ajali, nilisinzia juu. Mzigo ulikuwa hewani. Sekunde mbili, tatu. Nikashtuka, nikashusha salama, hakuna aliyejua. Kamba alinipungia mkono kutoka chini, akadhani natania."

Mkewe alimshika mkono, akamwambia si lazima aseme. Inspekta naye alimwambia hivyo hivyo, kwa maneno ya sheria: halazimiki, na akiliandika litatumika dhidi yake mahakamani.

"Najua," Kipanga alisema. "Ningeweza kwenda kwa msimamizi nikasema siwezi. Nilifikiri nitaambiwa uso wako wa kijani, panda. Sikwenda. Mashine walinipunguzia wao, afande. Ngazi nilipanda mwenyewe."

Saa ya ukutani ilikuwa nne na robo. Inspekta alichukua karatasi ya tatu, akaandika sentensi hizo kama alivyozisema, hakurekebisha neno, akamgeuzia. Kipanga alizisoma mpaka mwisho, akauliza kama sahihi inakaa juu ya mstari au chini yake, akaambiwa juu, akasaini.